Muulize Anayekamua: Mwongozo wa Mazungumzo kwa Daktari wa Mifugo

Mwaka wangu wa pili kazini niliitwa kumwona ng'ombe wa maziwa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Alikuwa na siku mbili tangu azae. Nilimkuta amelala, masikio ya baridi, kipimajoto kinasoma nyuzi 37.6. Mwenye ng'ombe, mzee wa heshima zake, alisimama upande wa kichwa, na kijana wa kazi akashika kamba. Nikauliza, "Kuna kitu amekula ambacho si cha kawaida?" Mzee akajibu, "Hakuna, daktari. Majani yake na pumba zake." Nikamgeukia kijana. Naye akasema, "Hakuna." Nikatundika kalsiamu, nikiwa na uhakika kwamba hii ni homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa. Chupa iliisha. Hakuinuka.

Baadaye nilikuwa nanawa mikono nyuma ya banda, kijana ananimiminia maji kwa kopo. Akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, juzi usiku alikata kamba akaingia stoo. Alikula mahindi. Debe zima, labda na zaidi." Mlango wa stoo ni yeye aliyesahau kuufunga.

Kinyesi kilikuwa kimetapakaa pale pale, chepesi, cha kijivu, na uchachu wake ulisikika hadi mlangoni. Mimi nilikiruka ili nisichafue buti. Tumbo lilikuwa limeshachacha, na usiku ule ng'ombe akafa.

Kosa lilikuwa langu mara mbili. Sikukitazama kilichokuwa chini ya miguu yangu, na nilimuuliza kijana mbele ya mwajiri wake swali ambalo jibu lake la kweli lingemfukuzisha kazi. Tangu siku ile nimeshika kwamba mazungumzo ni sehemu ya uchunguzi, sawa na kupima joto na kupapasa tezi, na yana utaratibu wake. Nawaandikia hasa vijana wanaotoka chuoni, na maafisa mifugo wa kata ambao hawana wa kumuuliza. Nitafuata mwendo wa ziara moja, tangu simu inapoita.

Simu ikiita

Ziara nyingi huharibikia kwenye simu. Mfugaji anasema, "Ng'ombe anaumwa, njoo," unasema, "Nakuja," na unafika huna dawa uliyoihitaji. Uliza mnyama ni yupi na ana umri gani, kama ana mimba au amezaa karibuni, tatizo limeonekana tangu lini, kama kuna mwingine mwenye dalili hizo, na ameshapewa nini. Dakika mbili zinatosha.

Ukiomba picha kwa simu, sema unataka picha ya nini. Usipomwelekeza atakutumia uso wa ng'ombe, tena kwa karibu. Omba video fupi ya mnyama mzima akisimama au akijaribu kutembea, kisha picha ya kinyesi na ya sehemu inayouma.

Kisha mwambie la kufanya wakati anakusubiri: amfunge kivulini, amwekee maji, asimchome kitu kingine mpaka ufike. Na kama anasema mnyama amekufa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, acha maswali yote na uanze na amri: asimchune, asimpasue, asiile nyama, asiwape mbwa, watoto wakae mbali. Hicho kinaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaomwambukiza na binadamu. Mwambie arudie maneno hayo kabla hujakata simu, kwa sababu nyama ni nyingi na majirani wameshaanza kukusanyika na visu.

Salimia watu, kisha mnyama

Najua una nyumba tano za kupita leo. Salamu inachukua nusu dakika na inakupa kila kitu kinachofuata. Mzee na bibi ni "shikamoo", hata kama wewe ni daktari na umekuja kwa gari la serikali. Kwa Wasukuma asubuhi ukianza na "mwangaluka", nyuso hufunguka. Kwa Wamaasai, "supai" hujibiwa "ipa". Ukiwasalimu akina mama sema "takwenya", nao watajibu "iko". Uliza habari za watoto, habari za mvua, habari za mifugo. Katika hilo jibu la mwisho mara nyingi utasikia jambo ambalo hungejua kuliuliza: kwamba juzi wamehamisha ng'ombe kutoka malisho ya mbali, au kwamba mbuzi wapya wamenunuliwa mnadani.

Ukihitaji mkalimani, na mara nyingi atakuwa mjukuu aliyesoma, elekeza macho na maneno kwa mzee, wala si kwa mtoto. Sentensi moja, tua. Sentensi nyingine, tua.

Mtafute anayemwona mnyama kila siku

Hapa ndipo nataka ukae kwa muda.

Anayekuita, anayekulipa na anayemjua mnyama huwa ni watu watatu tofauti. Kwenye ufugaji wa ndani, baba ndiye mwenye simu na pesa, lakini mama ndiye anayekamua asubuhi na jioni, na kijana wa kazi ndiye anayekata majani. Kwenye boma la wafugaji, mwenye mji anajua ukoo wa kila ng'ombe hadi bibi yake, lakini aliyekuwa naye porini jana ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Anayejua kwamba maziwa yamepungua tangu Jumapili ni yule aliyeshika chuchu.

Kwa hiyo uliza wazi, na kwa heshima: "Mzee, nani huwa anamkamua? Naomba na yeye anisaidie." Ukiomba msaada humvunjii mwenye nyumba heshima, kwa sababu ni yeye anayetoa ruhusa.

Kisha tafuta nafasi ya kuwa na huyo mtu peke yake. Si lazima iwe siri. Mwambie akuonyeshe wanakohifadhi chakula, au akushikie ndoo, au aende nawe kuangalia maji anayokunywa mnyama. Mkitembea hatua thelathini, maneno yanatoka. Ondoa na hofu ya kulaumiwa: "Sitafuti mkosaji. Nikijua alichokula nachagua dawa, nisipojua nabahatisha." Ukishaambiwa jambo namna hiyo, mlinde aliyekuambia. Kwa mwajiri unaweza kusema, "Dalili hizi ni za mnyama aliyekula nafaka nyingi kwa mara moja," na ni kweli, umeziona. Ukimtaja kijana, hakuna kijana mwingine wa mtaa ule atakayekuambia kitu tena.

Akina mama nao wana lao. Nimeona mara nyingi mama anasimama mlangoni mwa jiko, kanga begani, anasikiliza mumewe akieleza, na uso wake unasema kwamba hivyo sivyo. Mgeukie: "Na wewe mama, umeonaje?" Kisha subiri. Mara ya kwanza atasema, "Kama alivyosema baba." Endelea na kazi yako, na kabla hujafunga begi muulize tena, safari hii kitu mahususi anachokijua yeye: "Maziwa ya Jumamosi yalijaza kopo lipi?" Atakuonyesha kopo.

Uliza, kisha nyamaza

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichunguza mazungumzo ya madaktari wa binadamu na wagonjwa wao. Kwa wastani mgonjwa alizungumza sekunde 18 tu kabla ya kukatizwa. Jipime siku moja kwa saa ya simu yako, utaona kwamba sisi wa mifugo hatuna la kujisifu.

Swali la kwanza liwe pana: "Nisimulie tangu siku ulipoona hayuko kama kawaida yake." Halafu funga mdomo, na usianze kupima joto huku anaongea. Akimaliza, hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo. Ule ukimya ndio unaoleta sentensi ya "halafu pia…", na humo ndimo lilimo jambo lenyewe.

Watu wengi hawahesabu kwa tarehe. Funga muda kwenye kitu wanachokikumbuka: kabla ya mnada au baada? Ijumaa watu walipokwenda msikitini alikuwa anakula? Mvua ile kubwa ilimkuta ameshaanza?

Halafu kuna maswali yanayoomba "ndiyo". Ukiuliza kuhusu dawa ya kupe, "Unaogesha?" jibu ni "Ndiyo, kila wiki." Nani atamwambia daktari kwamba haogeshi? Uliza hivi: "Mara ya mwisho kuogesha ilikuwa lini, na ulichanganya vipi? Nionyeshe chupa." Chupa husema mengi. Amitrazi, dawa ya kuogeshea dhidi ya kupe, ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, yaani mililita 40 kwa ndoo ya lita 20. Mwombe mfugaji akuonyeshe kipimo chake, na utaletewa kizibo. Kizibo cha chupa gani? Cha soda, cha dawa ya kikohozi, cha mafuta ya kupikia, kila nyumba ina chake. Pale pale, bila kumcheka, chukua sirinji yako mjaze maji kwenye kizibo hicho hicho mhesabu pamoja vinahitajika vingapi. Hatasahau, kwa sababu amehesabu mwenyewe.

Swali gumu kuliko yote ni la dawa alizoshachoma kabla ya kukuita. Ukiuliza kwa sauti ya polisi atakataa, na wewe utamrudishia mnyama dawa ile ile, au utashangaa kwa nini homa imeshuka na ugonjwa uko pale pale. Mimi husema, "Watu wengi huwa wameshaanza na OTC kabla ya kunipigia. Wewe ulianza na ipi?" OTC ni oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kawaida. Anacheka kidogo, anaingia ndani, anarudi na chupa iliyobaki robo. Sasa unajua.

Jina la ugonjwa ni mwanzo wa swali

Mfugaji akikwambia "ana ndigana", bado hujaambiwa ugonjwa. Ndigana kali na ndigana baridi, magonjwa mawili tofauti yanayoletwa na kupe, zimechanganywa kwenye midomo ya watu, na tiba zake hazifanani: OTC inamsaidia wa ndigana baridi, lakini wa ndigana kali anahitaji buparvakwoni, na anaihitaji mapema. Kwa Wamaasai utasikia oltikana, olkipiei, oloirobi, ormilo. Oltikana ni ndigana kali, olkipiei ni homa ya mapafu, oloirobi ni ugonjwa wa miguu na midomo, ormilo ni ule wa mnyama anayezunguka kama mwenye kizunguzungu. Wanayajua magonjwa haya kwa macho kuliko wengi wetu, ila mpaka wa jina lao na mpaka wa kitabu chako si lazima ulale mahali pamoja. Kwa hiyo uliza, "Ukisema oltikana, kwa macho unaona nini? Kinaanza nini, kinafuata nini?" Atakutajia uvimbe chini ya sikio, machozi, kukohoa, mwishoni povu puani. Hapo mnazungumza ugonjwa mmoja.

Wasiouamini ujuzi huu wakumbuke sotoka ya ng'ombe. Ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Katika hatua zake za mwisho, maeneo kama Afar kule Ethiopia na Karamoja kule Uganda, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, wakaibeba chanjo inayostahimili joto mpaka mahali magari yasipofika, na wataalamu wakaketi na wazee kuwauliza sotoka ilionekana wapi mara ya mwisho. Majibu ya wale wazee yalionyesha ilikobaki.

Sema bei kabla ya sindano

Taja gharama kabla ya kufungua begi: usafiri kiasi gani, dawa kiasi gani, na kama kuna sindano ya kurudia, hiyo nayo ni kiasi gani. Kisha sema ukweli wa matumaini. "Kwa hali hii, akitibiwa leo wengi hupona," au "Ameshaanza kutoa povu, nafasi ni ndogo, na dawa ni ghali." Mwachie achague bila kumwonea haya. Mtu aliyeuza mbuzi wawili ili amtibu ng'ombe ambaye wewe ulijua hatapona ana haki ya kukukasirikia. Akiamua kumuuza mnyama aliyeshachomwa, mweleze wazi kwamba mnyama huyo haruhusiwi kuchinjwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite, na mtajie siku yenyewe.

Siku, saa na kipimo

Maelekezo ya dawa ndiyo yanayopotea zaidi, na hupotelea kwenye lugha yetu wenyewe.

Anza na saa. Ukiandika "8:00" kwenye karatasi, mmoja atasoma saa mbili asubuhi na mwingine saa nane mchana. Ukisema "kila baada ya saa 12", kuna atakayesikia "saa kumi na mbili", jua linapochomoza. Achana na saa. Sema, "asubuhi ukimaliza kukamua, na jioni ukimaliza kukamua." Dawa ya kiwele inayowekwa kwenye chuchu inakaa vizuri kabisa kwenye ratiba hiyo.

Uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu za dume kwa mrija, nao huumia hapo hapo. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto (anataka dume) asubuhi huhimilishwa jioni yake, na aliyeonekana jioni huhimilishwa kesho asubuhi. Ujumbe wa simu ukisema, "ameonekana saa 12," piga simu uulize ni ya asubuhi au ya jioni. Ukikosea hapo, unasubiri siku 21 nyingine, na mfugaji analisha tumbo tupu.

Kisha siku. "Mpe kwa siku tatu" ina utata: leo imo au haimo? Taja majina: leo Jumatatu nimempa mimi, wewe utampa Jumanne na Jumatano, basi. Na maziwa hivyo hivyo: "Msinywe wala kuuza maziwa yake mpaka Jumapili jioni," ukihesabu kutoka kwenye lebo ya dawa uliyotumia. Yaandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha katoni ya dawa kitundikwe bandani, maana anayekamua kesho huenda si uliyeongea naye leo. Kwa asiyesoma, chora: jua linalochomoza, jua linalozama, mistari ya idadi ya siku.

Usimalizie na "Mmeelewa?" Kila mtu ataitikia. Uliza hivi: "Mama, mimi nikishaondoka, baba akirudi jioni akakuuliza daktari amesemaje, utamwambiaje?" Asikilize mwenyewe anavyosema, nawe sikiliza. Akikosea, kosa ni la maelezo yako. Sema, "Hapo sikueleza vizuri," ueleze upya.

Habari mbaya

Kaa chini, hata juu ya ndoo iliyogeuzwa. Usiseme ukiwa umeshika ufunguo wa pikipiki. Onya kwanza kwa sentensi moja: "Mzee, nilichokiona si kizuri." Halafu liseme lenyewe kwa neno lake: "Atakufa." "Hali yake si ya kuridhisha" itamfanya akope fedha za dawa nyingine. Sema pole, na uiache ikae. Yule ng'ombe alikuwa ada ya shule ya muhula ujao. Usijaze ukimya kwa majina ya vimelea.

Kwa mbwa na paka wa mjini kuna neno moja naomba uliache, nalo ni "kumlaza". Mwenye mbwa amelisikia neno hilo hilo siku mbwa alipowekwa usingizini kwa ajili ya upasuaji, na akaamka. Sema, "Dawa hii itamfanya afe bila maumivu, na hataamka." Muulize kama anataka kuwepo. Kama kuna mtoto, mtoto naye aambiwe amekufa, asiambiwe amelala, asije akaogopa kitanda chake.

Ukisikia mbwa amemng'ata mtu

Hapa adabu ndefu hazina nafasi. Amri fupi, kwa mpangilio: osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nendeni hospitali leo hii mkaombe chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa msimuue wala msimfukuze, mfungieni kama inawezekana bila mtu mwingine kung'atwa. Usikubali "tutaangalia kwanza kidonda kinaendaje." Eleza kwa nini: dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inazuia. Kisha piga simu kituo cha afya wewe mwenyewe uulize kama wana chanjo, ili familia isitembee bure.

Kabla ya kuchanja kijiji

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwa Wamaasai anza kwa laigwanani, kiongozi wao wa kimila. Mkutanoni sema mapema jambo ambalo wengi hulificha: mnyama aliyeshaambukizwa kabla ya chanjo anaweza kuugua na kufa hata akichanjwa, na baadhi watavimba kidogo palipochomwa. Likisemwa kabla, ni maelezo. Likisemwa baada ya mbuzi sita kufa, linasikika kama kisingizio, na kampeni inayofuata utachanja boma tupu. Acha muda wa maswali uzidi muda wa hotuba.

Kesho yake asubuhi

Piga simu. Usiulize, "Anaendeleaje?" kwa sababu utajibiwa, "Namshukuru Mungu." Uliza: amesimama mwenyewe? Amecheua? Amekunya, na kinyesi kikoje? Maziwa ya asubuhi yamefika wapi kwenye kopo? Kama simu ameishika baba, omba umpate anayekamua.